Jinsi ya Kwenda Enchanted Rock Bila Kurudishwa Getini

Kila ikikaribia Machi maswali ni yaleyale. "Kaka, lile jiwe la kwenye picha zako liko wapi?" "Kiingilio bei gani?" "Mama mkwe amekuja kutoka nyumbani, ataweza kupanda?" "Nyama tunachoma hukohuko?" Nimeyajibu kwa simu, kwa meseji, hata kwenye foleni ya chakula harusini. Sasa nayaandika yote mara moja, na ukiniuliza tena nitakutumia hii.

Enchanted Rock ni hifadhi ya jimbo la Texas, kama maili 18 (kilomita 29) kaskazini mwa mji wa Fredericksburg. Katikati yake kuna kilima kimoja cha granaiti tupu ya rangi ya waridi, kimevimba kutoka ardhini kama mgongo wa kiboko unapochomoza majini. Kinainuka futi 425, yaani mita 130 hivi, juu ya bonde lake, na kilele kiko futi 1,825 juu ya usawa wa bahari. Wewe wa Mwanza najua umeshaguna: mawe tu? Mama yangu mkubwa aliguna hivyohivyo. Alishuka garini, akaliangalia, akasema, "Haya si hata Capri Point yapo?" Yapo, Mama, tena ya kwetu ndiyo wazee. Hili la Texas lina takriban miaka bilioni 1, wakati granaiti ya Mwanza imepita bilioni 2 na nusu. Ila kwetu mawe yamebebana, moja juu ya jingine. Hapa unatembea nusu saa nzima na bado uko juu ya jiwe lilelile.

Kupanda kwenyewe si kugumu. Kazi iko kwenye kuingia. Safari yangu ya kwanza tulitoka Houston alfajiri, magari mawili, Jumamosi ya mwezi wa tatu, pilau kwenye hotipoti, bila kuweka nafasi. Getini wakatuambia pamejaa. Zaidi ya saa nne barabarani, na lile pilau tukalilia kwenye maegesho ya duka mjini Fredericksburg, watoto wamenuna. Sikuwa na wa kumlaumu, maana sikusoma chochote kabla ya kuondoka. Ndiyo maana hatua mbili za mwanzo hapa chini utazifanya ukiwa kwenye kochi lako.

Vitu vya kuwa navyo

- Nafasi iliyolipiwa mapema kwa kila mtu (hatua ya 1).
- Maji, angalau lita 2 kwa mtu mzima. Kiangazi ongeza. Chupa moja ya nusu lita ni ya kuoshea mikono.
- Raba zenye soli inayoshika. Kandambili hapana, soli ya ngozi hapana, na zile raba nyeupe za kanisani zilizolainika chini pia hapana.
- Kofia pana na losheni ya jua. Mweusi naye anaungua, tusidanganyane. Huko juu hakuna hata mti wa kujificha chini yake.
- Chakula kilichokwisha kupikwa. Chapati, mayai ya kuchemsha, karanga, machungwa. Mambo ya moto nitayaeleza.
- Kanga au kitenge kimoja. Utaona kazi yake.
- Tochi kama unataka kukaa hadi jua lizame.
- Kibanio kidogo cha kuchomolea miiba.
- Ramani ya hifadhi na karatasi ya nafasi yako, vyote vimehifadhiwa ndani ya simu kabla hujaondoka. Mtandao huko unakuja na kuondoka.

Hatua ya 1: Weka nafasi

Ingia kwenye tovuti ya kuweka nafasi ya Texas State Parks, au piga simu yao, uchague Enchanted Rock na tarehe. Nafasi za kushinda mchana na kurudi hufunguliwa siku 30 kabla. Ukitaka Jumamosi au Jumapili ya Machi, Aprili, Oktoba au Novemba, shughulika siku hiyohiyo ya thelathini. Ukingoja wiki ya safari utakuta pameshajaa.

Kiingilio ni dola 8 kwa kila mwenye miaka 13 na kuendelea. Wenye miaka 12 na chini hawalipi.

Hapa wengi wanajikwaa mara mbili. Kwanza, nafasi ni ya mtu, si ya gari: umelipia mmoja, umepakia watano, getini mtahesabiwa. Pili, kuna kadi ya mwaka ya hifadhi za Texas, dola 70 hivi, ambayo inaondoa kiingilio chako na cha mliopanda naye gari moja katika hifadhi zote za jimbo. Ni kadi nzuri, mimi ninayo. Lakini haikuhifadhii nafasi. Mwenye kadi naye anatakiwa kubuku tarehe, na pakijaa anarudi na kadi yake mfukoni.

Hatua ya 2: Chagua siku na saa

Siku bora ni Jumanne hadi Alhamisi, kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi Aprili. Julai na Agosti joto linapita nyuzi 38 za Selsiasi kivulini, na kivuli chenyewe kiko chini kwenye miti, wewe uko juu. Jiwe linashika moto kama kikaango na linakurudishia usoni. Kama huna budi kwenda kiangazi, anza kupanda mapema asubuhi ili kabla ya saa 4 uwe umeshashuka.

Angalia utabiri wa hewa usiku wa kuamkia safari. Ikitajwa radi, ahirisha. Kile kilele ni kipara. Juu yake kitu kirefu kuliko vyote ni wewe.

Hatua ya 3: Njia ya gari

Ukitokea Austin, chukua barabara ya 290 kuelekea magharibi, upite Johnson City hadi Fredericksburg. San Antonio ni I-10 hadi Comfort, kisha 87. Safari zote mbili ni kama saa moja na nusu hadi mbili. Houston na Dallas hesabu saa nne na nusu bila kusimama, na sisi hatujui kusafiri bila kusimama. Wa Dallas wengi huingilia Llano: unashuka kusini kwa barabara ya 16, kisha unakata kulia kuingia 965.

Fredericksburg jaza mafuta, nunua barafu, watu waende chooni. Mji ulianzishwa na Wajerumani mwaka 1846 na utaona majina yao kwenye maduka. Kuanzia Mei hadi Agosti vibanda vya pichi vinapangwa kandokando ya barabara. Nunua unaporudi, zisije zikapondeka. Kutoka hapo shika 965 kwenda kaskazini. Baada ya vilima kadhaa barabara inapanda, inajikunja, na ghafla jiwe lote linatokea mbele yako, jekundujekundu, kubwa kuliko ulivyofikiria. Dereva, macho barabarani. Picha utapiga.

Hatua ya 4: Getini na maegesho

Onyesha nafasi yako na chukua ramani ya karatasi hata kama unayo kwenye simu. Uliza mambo mawili tu: kuna njia iliyofungwa leo? Kijito cha Sandy Creek kinavukika? Mvua ikiwa imenyesha, kijito hicho chini ya kilima kinaweza kujaa.

Kisha choo. Kileleni hakuna choo wala kichaka cha maana.

Sheria zinazowashangaza wageni wetu: pombe hairuhusiwi kunywewa hadharani katika hifadhi za jimbo, muziki wa spika unaosikika kwa jirani hairuhusiwi, kuokota kuni hairuhusiwi, moto wa chini hairuhusiwi. Ndiyo maana nimesema chakula kije kimeiva. Mbwa hapandi kileleni hata akiwa na kamba. Ana njia zake chache huku chini. Droni iache nyumbani. Na usiondoke na kijiwe, hata kimoja, hata mtoto akilia.

Hatua ya 5: Kupanda

Njia ya kileleni, Summit Trail, ni maili 0.8, kama kilomita 1.3 kwenda tu. Mwanzoni kuna vijia na ngazi za mawe kati ya miti. Baadaye miti inaisha, udongo unaisha, unabaki na jiwe lenyewe likipanda mbele yako kama paa la nyumba.

Usilikabili moja kwa moja. Panda kwa kupindapinda, kushoto kidogo, kulia kidogo, hatua fupi, soli nzima ikanyage. Watoto watakimbia na utawakuta wamekaa mbele wanahema. Pumzika kila unapoona pametulia na unywe maji hata kama huna kiu. Mwenye afya ya kawaida hutumia dakika 30 hadi 45. Mama mkubwa, aliyekuwa ametimiza miaka 67, alitumia saa moja na robo, na sehemu kubwa ya muda huo alikuwa anatusimulia habari za watu tusiowajua.

Angalia unapokanyaga. Yale madoa meusi na ya kijani yaliyoganda kwenye jiwe ni viumbe hai vidogo. Yakiwa makavu hayana neno, yakilowa ni sabuni. Na usiegemee mpungate. Umejaa kandokando ya njia za chini, na zile nywele zake ndogo zisizoonekana ni mbaya kuliko miiba mikubwa.

Ukikuta vipande vya jiwe vimebanduka kama maganda, ndivyo kilima hiki kilivyoumbika. Kilipoa chini ya ardhi, kikafukuliwa na mvua na upepo wa mamilioni ya miaka, na mzigo uliokikandamiza ulipoondoka kikaanza kujimenya tabaka kwa tabaka, kama kitunguu. Nadharia inatosha.

Hatua ya 6: Kabla hujaenda katikati ya kilele, geuka nyuma

Hatua hii watu wote wanairuka, na ndiyo inayoleta taabu.

Kilele ni mviringo mpana. Ukifika katikati, huoni tena maegesho, huoni njia uliyopandia, pande zote zinafanana. Anayeshuka kwa kubahatisha anaweza kutokea upande wa nyuma, ambako jiwe linakatika kwa ukali. Huko ni kwa wapandaji wa kamba, wenye kofia ngumu na vyuma viunoni. Kwa hiyo, ukiwa bado unayaona magari, simama. Piga picha ya chini, kisha piga picha ya alama iliyo karibu nawe, mti au jiwe la umbo fulani. Waonyeshe na watoto. Mkipotezana, mnakutana hapo.

Hatua ya 7: Vidimbwi vya kileleni

Mtazamo wa mbali ni mzuri, utauona bila kuelekezwa. Mimi nakuomba uangalie chini.

Juu ya jiwe kuna mashimo mapana, mafupi kwenda chini, mengine ya ukubwa wa sinia, mengine ya chumba. Baadhi yana udongo na nyasi, machache yameotesha hadi mwaloni mdogo. Baada ya mvua mengine yanashika maji ya kina cha kiganja. Chuchumaa, tulia, kivuli chako kisianguke majini. Utaona vitu vyembamba vya kung'aa, kama nyuzi za kioo, vinaogelea tumbo juu, mgongo chini, miguu inapepea. Ni aina ya uduvi. Maji yakikauka wao hufa, lakini mayai yao hubaki kwenye vumbi la lile shimo, yanavumilia jua na baridi, hadi mvua nyingine iyaangue. Mama mkubwa, mtoto wa dagaa, alikaa hapo robo saa nzima. Habari za Capri Point sikuzisikia tena.

Kwa hiyo usikanyage ndani ya mashimo hayo, yawe na maji au makavu. Hasa makavu, kwa sababu ndiyo yanayoonekana hayana kitu. Mikono yenye losheni usiitie majini.

Hatua ya 8: Kushuka

Wanaoanguka, wengi huanguka wakishuka. Magoti yamechoka, akili iko kwenye chapati. Funga kamba za raba upya, maana kidole gumba kitasukumwa mbele. Pinda magoti kidogo, shuka kwa kupindapinda kama ulivyopanda, usikimbie hata kama mteremko unakuvuta. Panapotisha, kaa chini uteleze kwa makalio taratibu. Ndipo ile kanga inapofanya kazi, ikunje uikalie, la sivyo suruali itabaki Texas. Hakuna atakayekucheka, na akicheka atakuwa kijana ambaye dakika kumi baadaye naye atakaa.

Ukibaki na nguvu, zunguka kilima kwa Loop Trail, maili 4.6 (kilomita 7.4), upite karibu na ziwa dogo la Moss Lake. Mimi naipenda kuliko kilele kwa sababu watu ni wachache. Lakini si kwa siku moja na wazee.

Kuhusu kulala

Kuna maeneo ya mahema tu, ya kubeba mzigo kwa miguu; gari la kulala halina nafasi yake. Buku miezi kabla. Faida yake ni giza: mwaka 2014 hifadhi hii iliingizwa kwenye orodha ya kimataifa ya mbuga za anga lenye giza, na usiku usio na mwezi utaona nyota kama za kijijini kwa bibi. Njia ya kileleni hufungwa nusu saa baada ya jua kuzama, kwa hiyo nyota ziangalie ukiwa chini. Ukisikia jiwe linalia usiku, usipige kelele. Masimulizi yanasema Watonkawa, wenyeji wa asili wa huku, waliona mioto ya mizimu juu yake. Wataalamu wa miamba wanasema sauti hiyo ni granaiti inayopoa na kujikunyata baada ya jua la mchana. Chagua maelezo yatakayokupa usingizi.

Mambo yakienda kombo

*Tarehe yangu imejaa.* Rudi kwenye tovuti asubuhi na jioni kwa siku kadhaa. Watu hughairi na nafasi hurudi. Ikishindikana, nenda Inks Lake, hifadhi nyingine ya jimbo karibu na Burnet. Kuna miamba ya zamani ya rangi hiyohiyo, tena na ziwa la kuogelea. Watoto wangu wanaipenda zaidi.

*Nimefika bila nafasi, pamejaa.* Usiegeshe kando ya 965 na kuingia kwa miguu. Rudi mjini, kula, fungua simu utafute siku nyingine.

*Nimefika nusu, miguu inatetemeka.* Kaa. Geukia bonde badala ya kuangalia juu. Kunywa, kula kitu cha chumvi, ngoja dakika kumi. Ikiendelea, shuka, toka hapo nusu, mandhari tayari umeyapata. Mzee asiyeweza kupanda mwache kivulini kwenye meza za chini akiwa na mtu, si peke yake na simu isiyo na mtandao.

*Kichwa kinauma, mtu anaongea visivyoeleweka, ngozi imekauka na ni ya moto.* Hilo si uchovu, ni joto limempanda. Mpeleke kwenye kivuli cha kwanza kilichopo, lowesha kanga umfunike shingoni na kifuani, mpepee, piga 911. Usimlazimishe kunywa kama hayuko sawasawa.

*Mvua imetukuta juu.* Ikiwa na radi, shukeni mara moja, msijikusanye pamoja wala msijifiche chini ya mti mmoja uliosimama peke yake. Ikiwa ni manyunyu tu, shukeni polepole mkiyaepuka yale madoa meusi.

*Mtoto amegusa mpungate.* Asijisugue, wala asitie mkono mdomoni. Miiba mikubwa chomoa kwa kibanio. Ile midogo bandika utepe wa gundi, bonyeza, bandua, rudia mara nyingi. Atalia. Pichi ya baridi kutoka kwenye boksi la barafu husaidia kuliko maneno.

*Hatujui tulipandia wapi.* Fungua ile picha ya hatua ya 6. Hukupiga? Basi usijaribu mteremko wowote usiouona mwisho wake. Tafuta kundi linalopanda, uangalie wanakotokea.

*Tumechelewa, giza limeingia.* Tochi mbele na nyuma ya msafara, watoto katikati. Mkishafika garini, endesheni polepole hadi Fredericksburg: kulungu wa huko hutoka kwenye majani saa hiyohiyo, na akivuka mmoja ujue nyuma yake kuna wawili.